MGENI ANAKUJA AU HAJI?
Kamari juu ya ziara za wakubwa, na wajibu wa raia

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo na vijana, Mtinko



Ndugu wapendwa, Kamati ya Haki na Amani imetuomba tuseme nanyi juu ya kamari. Tungeweza kuanza na amri na makatazo. Lakini tumeona afadhali tuanze na jambo lililotokea hapa kwetu, ambalo baadhi yenu mnalijua, ingawa wahusika hatutawataja.

1. Gunia la alizeti

Siku moja ya mnada, baada ya mavuno, vijana kadhaa walikaa kivulini wakisikiliza redio. Taarifa ya habari ikasema kwamba kiongozi mmoja wa nchi ya nje, ambaye jina lake huleta mabishano kila linapotajwa, amealikwa kufanya ziara rasmi katika nchi nyingine, na kwamba huko anakoalikwa wako wanaomtaka na wako wasiomtaka. Kijana mmoja akasema, "Atakwenda." Mwenzake akasema, "Hathubutu." Ubishi ukapanda, na hatimaye wakawekeana dau. Wa kwanza aliweka gunia la alizeti. Wa pili aliweka mbuzi jike. Mtu wa tatu akawa mshika dau.

Majuma yakapita. Kisha redio ikatangaza kwamba ziara ile imeahirishwa hadi siku itakayotajwa baadaye. Mwenye mbuzi akasema, "Hakwenda, nimeshinda." Mwenye gunia akajibu, "Kuahirisha si kufuta, dau bado." Mshika dau hakujua ampe nani. Maneno yakaishia katika fimbo, na mmoja akapasuliwa mkono.

Hapo ndipo mama mmoja alipofika mbele ya Kamati yetu. Hakuja kusema habari za ziara wala za kiongozi. Alikuja kusema kwamba gunia lile ni lake. Alililima, akalipura, akalipepeta, akaliweka akiba kwa ajili ya sare za shule za watoto wawili na kwa ajili ya siku ya ugonjwa. Mwanawe alilichukua ndani bila ruhusa.

Kamati ilikaa jioni mbili. Iliamua kwamba gunia lirudi kwa mama, mbuzi arudi kwa mwenyewe, na aliyempiga mwenzake alipie matibabu. Sababu ya kwanza ilikuwa nyepesi: mtu hawezi kuweka rehani kisicho chake. Sababu ya pili ni ya sheria. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu huyahesabu mapatano ya kuwekeana dau kati ya mtu na mtu kuwa batili, wala mshindi hana mahakama ya kumdai mshinde.

Walipokwisha kupeana mikono, tuliwauliza vijana wale swali moja: "Huyo kiongozi analaumiwa kwa jambo gani?" Wa kwanza alisema, "Padre, sijui. Mimi nilijua tu kwamba wakubwa huenda wanakotaka." Wa pili alisema, "Wala mimi sijui. Nilisikia watu wanapiga kelele, nikaona hatathubutu."

Ndugu wapendwa, majibu hayo ndiyo yaliyozaa mada hii. Upotevu wa gunia tuliweza kuurekebisha kwa jioni mbili. Lakini vijana wawili wenye akili njema walikuwa wamefuatilia habari ile kwa majuma mengi, kila siku wakiitegea redio sikio, na hata siku moja hawakuuliza ni nani aliyelia, na kwa nini.

2. Neno moja, matendo mawili

Wazee wanaokijua Kiswahili cha zamani watakumbuka kwamba kuwekeana dau kuliitwa kupinga. Watu walipingana kwa fedha au kwa mnyama. Neno hilohilo latumika pia kwa kukataa jambo lisilo la haki: mtu hupinga dhuluma, hupinga uonevu. Lugha imeyaweka matendo haya mawili katika nyumba moja, lakini tabia zake ni mbali kama mashariki na magharibi.

Anayepinga dhuluma anasema, "Jambo hili lisiwe." Anayepinga kwa dau anasema, "Jambo hili litakuwa au halitakuwa. Liwe liwalo, mradi nipate changu." Wa kwanza amejitia ndani ya jambo na yuko tayari kuumia kwa ajili yake. Wa pili amekaa nje kama mtazamaji wa mpira. Naye akishaweka dau, moyo wake hufungwa na fedha yake. Ikiwa ameweka kwamba mdhalimu atapokewa kwa mizinga 21 na zulia jekundu, basi siku ile mdhalimu akipokewa hivyo atashangilia, hata kama hana ubaya na mtu yeyote.

Hilo ndilo neno letu la leo, na mengine yote tutakayosema ni ya kulieleza. Kamari juu ya mambo ya haki humgeuza raia kuwa mtazamaji.

3. Hesabu ya mwenye mchezo

Kabla ya kuendelea, yatupasa kusema jambo moja juu ya fedha, kwa maana vijana hutuambia, "Padre, wengine wanapata." Ni kweli, wengine wanapata. Tuangalie ni nani apataye kila siku.

Tuchukue mfano wa ziara. Mwenye mchezo anatangaza kwamba atakayesema "atakuja" na akawa sahihi, kila shilingi 1,000 italipwa 1,800. Na atakayesema "haji" vivyo hivyo. Watu 100 wanaweka shilingi 1,000 kila mmoja, 50 upande huu na 50 upande ule. Jumla yake ni shilingi 100,000. Mgeni akija, 50 wanalipwa 1,800 kila mmoja, yaani 90,000. Mgeni asipokuja, wale 50 wengine wanalipwa 90,000. Kwa vyovyote vile shilingi 10,000 zinabaki kwa mwenye mchezo. Yeye hana haja ya kujua kama mgeni atakuja. Anachohitaji ni ninyi mbishane.

Mikeka ya mpira inayochezwa kwa simu siku hizi ni hesabu ileile iliyorefushwa. Mtu akiunganisha michezo 10, na tuseme kila mmoja una nafasi moja kati ya mbili, nafasi ya kuipata yote ni moja kati ya 1,024. Kijana huona donge kubwa lililoandikwa chini ya mkeka. Hizo nafasi 1,023 za kukosa hazikuandikwa popote. Na mashine zile zinazoitwa dubwi humeza sarafu moja moja, hata mtu asitambue kwamba amekwisha kumeza kwa sarafu kile ambacho asingethubutu kukitoa kwa noti.

Serikali imeiruhusu michezo hii chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ikaweka Bodi ya kuisimamia, na imekataza watoto walio chini ya miaka 18 kushiriki. Lakini kuruhusiwa na sheria si kusema kwamba jambo lafaa. Mtu aliyekula nauli ya mama yake ya kwenda hospitali hakuvunja sheria ya mchezo. Amevunja amri ya nne.

4. Mgeni wa Nairobi

Sasa turudi kwenye ziara. Pengine mtu atasema, "Ziara za wakubwa zatuhusu nini sisi wakulima wa alizeti na uwele?" Tumjibu kwa mfano wa jirani zetu.

Tarehe 27 Agosti 2010, Wakenya walijaa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kuzindua Katiba yao mpya. Rais Mwai Kibaki alipokuwa akiwapokea wageni, watu wakashangaa kumwona Rais Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye kuja kwake hakukuwa kumetangazwa kwa wananchi. Wakati ule Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati mbili za kumkamata: ya kwanza tarehe 4 Machi 2009, na ya pili tarehe 12 Julai 2010, ambayo iliongeza shtaka la mauaji ya kimbari. Mashtaka yalihusu Darfur, magharibi ya Sudan, ambako vita vilianza mwaka 2003, na ambako Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa, na wengine zaidi ya milioni mbili wakakimbia makwao. Yeye mwenyewe aliyakana mashtaka hayo. Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Roma ulioiunda Mahakama hiyo, na kwa hiyo ilikuwa na wajibu wa kumkamata. Haikumkamata. Na Katiba iliyozinduliwa siku ileile inasema kwamba mikataba ambayo Kenya imeiridhia ni sehemu ya sheria zake.

Tuwe waadilifu tutoe na hoja za upande wa pili. Umoja wa Afrika ulikuwa umeamua katika mkutano wake wa Sirte, Libya, mwezi Julai 2009, kwamba wanachama wasishirikiane na Mahakama hiyo katika kumkamata Rais huyo. Viongozi wengi waliona kwamba kumkamata kungeharibu mazungumzo ya amani. Mwaka 2008 Rais wetu Jakaya Kikwete, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja huo, aliomba mashtaka yaahirishwe kwa sababu ya namna hiyo. Wengine waliuliza mbona Mahakama inawatazama Waafrika tu. Hizi si hoja za kupuuzwa, wala hatuzitaji ili tuzicheke. Ni hoja zinazotaka kujibiwa kwa hoja.

Tangu siku hiyo, kila ulipotangazwa mkutano wa wakuu wa nchi katika Afrika, watu waliuliza: Bashir anakuja au haji? Ungesema ni mchezo wa kubahatisha. Lakini tutazame jinsi majibu yalivyopatikana.

Kenya ilitazamiwa kumpokea tena katika mkutano wa IGAD mwezi Oktoba 2010. Mkutano ukahamishiwa Addis Ababa. Kisha jumuiya ya wanasheria wa Kenya wanaotetea haki ilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 28 Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija aliamuru kwamba Bashir akikanyaga tena ardhi ya Kenya akamatwe. Sudan ilikasirika, ikamwamuru balozi wa Kenya aondoke. Jambo hilo lilikuwa na gharama, na wale waliolitaka walijua.

Malawi ilimpokea mwezi Oktoba 2011. Lakini mwaka 2012, Rais Joyce Banda alipokuwa ameshika madaraka, nchi yake ilikataa kumpokea katika mkutano wa Umoja wa Afrika, na mkutano ukahamishwa Lilongwe ukapelekwa Addis Ababa. Nchi maskini ilikubali kupoteza heshima na mapato ya mkutano mkubwa.

Afrika ya Kusini ilimpokea mwezi Juni 2015. Wanasheria walikwenda mahakamani Pretoria, na tarehe 14 Juni mahakama ikaamuru asiondoke hadi shauri lisikilizwe. Kesho yake, shauri likiendelea, ndege yake iliruka. Baadaye, mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ilisema kwamba serikali ilikosea kisheria kutomkamata. Na mwezi Mei 2016 alikwenda Kampala katika sherehe ya kuapishwa Rais Museveni, na baadhi ya mabalozi wa nchi za Magharibi wakaondoka sherehe ikiendelea.

Mwaona, ndugu zangu? Safari moja aliingia, nyingine hakuingia. Mtu anayetazama kwa mbali atasema ni bahati, kama karata za pata potea. Lakini bahati haimo. Jaji aliandika amri, mwanasheria alilala kazini akitayarisha faili, rais alikataa, rais mwingine alikubali. Kila jibu lilitoka mkononi mwa mtu, naye atalitolea hesabu. Waliokaa kivulini wakibashiri ndio pekee ambao hawakutia neno lolote katika jibu.

5. Hata katika nchi kubwa

Msidhani tabia hii ni ya kwetu tu. Mwezi Januari 2017, Waziri Mkuu wa Uingereza, Theresa May, alitangaza kwamba Rais Donald Trump wa Marekani amealikwa kufanya ziara ya kitaifa. Mabishano yakazuka mara moja. Wenye maduka ya kamari ya nchi hiyo, ambako kuweka dau juu ya mambo ya siasa ni biashara halali, wakafungua madaftari yao: ziara itakuwapo, au haitakuwapo?

Wakati huohuo raia waliandika. Zaidi ya watu milioni 1.8 walitia sahihi ombi la kutaka asipewe heshima ya ziara ya kitaifa. Wengine zaidi ya 300,000 walitia sahihi ombi la kutaka apewe. Tarehe 20 Februari 2017 wabunge waliyajadili maombi yote mawili. Ziara haikufanyika mwaka ule. Alifika kwa ziara ya kikazi mwezi Julai 2018, na ziara yenyewe ya kitaifa ikafanyika tarehe 3 hadi 5 Juni 2019.

Hatukuleta mfano huu ili tuamue nani alikuwa na haki. Tunataka mtazame aina tatu za watu. Wako waliosema asije, wakatoa sababu. Wako waliosema aje, wakatoa sababu. Hao wote, ingawa walipingana, walifanya kazi ya raia. Na wako walioweka dau. Hao hawakuwa na sababu ya kutoa. Walikuwa na kiasi cha fedha tu. Tena katika mambo ya namna hii dau lina mtego wake: ziara ikiahirishwa, ikipunguzwa daraja, ikibadilishwa jina, nani ameshinda? Ni swali lilelile lililompasua kijana wetu mkono.

6. Mwalimu hakubashiri

Na sisi Watanzania tuna urithi wetu. Mwaka 1971 Idi Amin alipoipindua serikali ya Uganda, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kumtambua. Mwaka 1975 mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipangwa kufanyika Kampala, na kwa desturi mwenyeji ndiye angekuwa mwenyekiti. Kwa nini isibishaniwe barazani: Mwalimu atakwenda au haendi?

Hakwenda. Tanzania haikuhudhuria, wala Zambia, wala Botswana. Serikali yetu ilieleza sababu zake waziwazi: kwamba haiwezekani Afrika ilaani mauaji yanayofanywa na Makaburu huko Kusini, kisha inyamaze Waafrika wanapouawa na serikali za Waafrika. Neno hilo halikupendwa na wengi. Lakini lilikuwa neno la mtu aliyejua kwamba kwenda au kutokwenda ni tendo la dhamiri, ambalo haliamuliwi kwa bahati.

Na tusijitoe sisi wa Kanisa katika mizani hii. Tarehe 1 Mei 2011, Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe, ambaye Umoja wa Ulaya ulikuwa umemkataza kuingia katika nchi zake, alihudhuria Misa ya kumtangaza Yohane Paulo wa Pili kuwa Mwenye Heri, mjini Vatikano. Wako waamini walioumia, wako waliosema mlango wa Kanisa haufungiwi mkosefu. Kanisa nalo huulizwa, nalo lapaswa kujibu kwa sababu.

7. Maandiko yatufundisha nini?

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 14, Samsoni aliwawekea Wafilisti kitendawili kwa dau la mavazi 30 ya kitani na mavazi mengine 30. Ilikuwa furaha ya arusi. Lakini Wafilisti walipoona watashindwa, walimtisha mkewe kwa moto ili awapatie jibu. Naye Samsoni, aliposhindwa, alikwenda Ashkeloni, akawaua watu 30 wasiohusika, akawavua mavazi yao, akalipa dau. Tazameni: kwanza mwanamke asiyekuwamo katika mchezo akateseka, kisha wageni wasioujua mchezo wakalipa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa gunia la alizeti. Anayelipa dau mara nyingi hakuwapo lilipowekwa.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 19, askari wanapiga kura juu ya vazi la Bwana lisilo na mshono. Wako chini ya msalaba. Juu ya vichwa vyao mtu asiye na hatia anakufa, na mama yake amesimama hatua chache tu kutoka kwao. Wao wanatazama chini, kwenye kura. Hatuna picha iliyo sahihi kuliko hii ya kamari juu ya mambo ya haki. Hatusomi kwamba askari wale walichukia. Macho yao yalikuwa mahali pengine.

Na katika Injili ya Luka, sura ya 19, iko ziara iliyoleta manung'uniko. Yesu anaingia nyumbani kwa Zakayo, mkuu wa watoza ushuru. Umati unanung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Je, aliingia kwa haki? Jibu linatoka kwa Zakayo mwenyewe: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Hapo waliodhulumiwa wanatajwa kwa mara ya kwanza, na ziara inapata maana yake. Basi na sisi tukisikia mgeni mkubwa anakuja, kipimo ndicho hicho. Tuulize: waliodhulumiwa wametajwa? Watarudishiwa nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi kwa asili yake. Inafundisha kwamba mchezo wa namna hiyo haukubaliki unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa yake yaweza kuwa utumwa. Kwa hiyo hatuji kuwalaani wazee wanaocheza bao kwa kikombe cha kahawa. Tunasema na yule anayecheza kwa sare ya mtoto, na yule anayecheza kwa kilio cha jirani.

8. Pingamizi mbili

Kijana atasema: "Padre, mimi niko Mtinko. Hata nikijua yote hayo, nani ataniuliza kama mgeni aje?" Ni kweli, hutaulizwa juu ya mgeni wa Nairobi au wa London. Lakini dhamiri huzoezwa kwa mambo ya mbali ili iwe tayari kwa ya karibu. Nao wageni wa karibu wapo. Huja mnunuzi wa alizeti mwenye mizani isiyoaminika. Huja mtu mwenye karatasi ya kutaka ardhi ya kijiji. Huja mgombea wakati wa uchaguzi na pishi za mchele. Aliyezoea kusema "atashinda, hashindi" hatakuwa amejifunza kusema "astahili, hastahili." Atakaa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria imempa haki ya kusema ndani yake, akibashiri tu nani atapita.

Mwingine atasema: "Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone." Ndiyo, na ukarimu ni fadhila ya Ibrahimu. Lakini wazee walisema pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake mgeni naye ana wajibu. Na mwenyeji anayepona ni nyumba nzima. Mgeni akimponya baba na kumwumiza mtoto, nyumba haijapona.

9. Basi tufanye nini?

Kwanza, kila jumuiya ndogondogo isikilize taarifa ya habari pamoja walau mara moja kwa juma, na baada ya kusikiliza iulize maswali matatu: Nani ameumia? Nani anawajibika? Sisi twaweza kusema nini, na kwa nani?

Pili, akiba ya nyumba iwekwe kwa mapatano ya baba na mama, na vijana wajue ni ya kazi gani. Vikundi vya kuweka na kukopa viwapokee vijana mapema. Kijana mwenye hisa yake mwenyewe huiheshimu hisa ya mama yake.

Tatu, aliyekwisha kutekwa na kamari asifukuzwe wala kuchekwa. Aje kwa padre, au kwa katekista, au kwa mzee anayemwamini. Mtumwa hafunguliwi kwa kelele.

Nne, tukishindana kwa hoja, na tushindane kweli. Anayesema "aje" atoe sababu, anayesema "asije" atoe sababu, na aliyeshindwa kwa hoja amshukuru mwenzake. Huo ni ubishi usiomwachia mtu gunia tupu.

Ndugu wapendwa, yule mama alipopewa gunia lake, aliliinamisha akachota alizeti kiganjani, akazitazama. Kisha akawauliza wale vijana wawili, kwa upole, swali ambalo sisi tuliosoma seminari hatukulifikiri: "Wanangu, na huko alikotaka kwenda huyo mkubwa, kuna mama kama mimi?" Hawakujibu. Tuondoke hapa na swali hilo, Mungu atusaidie kulijibu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kitongoji chetu, ni nani hasa analipa dau linapopotea?
2. Tutaje jambo moja la haki, la karibu au la mbali, ambalo tumelitazama kama mchezo. Tungesema nini juu yake, na kwa nani?
3. Ziara ya Yesu kwa Zakayo yatufundisha nini juu ya kumpokea mtu mwenye lawama?
4. Tutawasaidiaje vijana wetu waliokwisha kutekwa na kamari bila kuwaaibisha?